Watu wa Kopo la Maziwa

Juzi binti yangu alikuwa amekaa sakafuni akikata picha za watakatifu kwenye kalenda ya parokia iliyokwisha mwaka wake, nami nikamnyang'anya mkasi. Nilimnyang'anya kwa nguvu hata akalia. Kalenda yenyewe nilikuwa nimeshaitupa, haikuwa na faida kwa mtu, na mtoto hakuwa na kosa lolote. Aliponiuliza amefanya nini nikamrudishia mkasi wake na kwenda kukaa nje peke yangu. Ninyi mliokua miaka ile niliyokua mimi, mliochezea makopo na makaratasi kwa sababu hapakuwa na kingine cha kuchezea, labda mtanielewa.

Nilikulia Likasi, upande wa Kikula. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na baraza mbele, na Baba alikuwa ameipaka rangi ya kijani kibichi kuanzia chini hadi kwenye bati. Uani kulikuwa na kijumba cha chumba kimoja ambamo Mama aliweka makaa na magunia ya mahindi. Mama aliuza unga sokoni. Baba alifanya kazi kiwandani, akirudi na vumbi hata kwenye kope, na hakuwa msemaji. Nilikuwa mtoto wao wa pekee, nina miaka tisa, na nilijua kwamba nyumba ile ni yetu kama nilivyojua kwamba pua yangu ni yangu.

Mtoto wa pekee hutafuta watu popote awezapo. Mimi niliwapata kwenye takataka. Mlangoni mwa soko palikuwa na mpiga picha aliyetupa nyuma ya kibanda chake picha zilizomharibikia: bwana harusi aliyefumba macho, mtoto wa komunyo ya kwanza aliyetikisika akawa na nyuso mbili, bibi mmoja aliyekatwa kipaji cha uso. Nilipita pale kila nikitoka shule, nikaokota. Mama alisema mkusanyiko wangu unanuka dawa, nao ulinuka kweli, harufu kali kama ya siki. Niliwapenda watu wale kwa sababu hawakuwa na mwenyewe. Ningeweza kuwafanya chochote.

Kisha msimu mmoja wa mvua dari la chumba changu likavuja na ubao mmoja ukalegea. Nilisimama juu ya kitanda kupapasa maji yanatokea wapi, mkono wangu ukagusa bati baridi. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa cha kitenge, na ndani yake mlikuwa na picha, hazikuzidi ishirini. Hizi hazikuwa zimeharibika. Watu walisimama wima, wamevaa vizuri, wakitazama mbele kama wanaosikiliza Injili. Mwanamume mmoja mwembamba ameshika baiskeli mpya. Wasichana watatu wa sare ya kitambaa kimoja. Na katika picha nyingi kuliko zote mwanamke mnene, mwenye mwanya, amekaa kwenye kiti cha mbao na mikono imetulia mapajani.

Sikujiuliza walifikaje darini. Mtoto aliyezoea kuokota haulizi mali imetoka wapi. Niliwapanga juu ya kitanda nikaanza kuwagawia maisha, na nilikuwa na sheria yangu: kila mmoja lazima awe na kazi, ugonjwa na mtu waliyekosana naye. Mwenye baiskeli nilimwita Bwana Anselme. Alipeleka barua hadi Kakanda, aliumwa mgongo, na hakusemezana na kaka yake kwa sababu ya mbuzi. Wasichana watatu walikuwa mayatima waliolelewa na masista wa Kapolowe. Yule wa katikati alikuwa anapoteza macho pole pole, na wenzake walikuwa wamemfichia siri. Mwanamke mwenye mwanya nilimpa jina la Madame Florida. Nilimpa utajiri, nikamnyima watoto. Kila siku alikula kuku, na kila siku alilia, kwa sababu hakuwa na wa kumpa paja. Sijui nilitoa wapi ukatili huo. Nadhani nilitaka awe na nafasi ya mtoto mmoja, na mtoto huyo niwe mimi.

Siku moja Mama aliingia ghafla akanikuta nao. Alitazama kitandani, akaacha kutembea.

"Bea, ulitosha wapi ile mapicha?"

"Ku plafon, Mama," nikasema nikionyesha dari. "Kulikuwa kopo."

Aliokota picha ya Madame Florida, akaishika muda mrefu. Alipoirudisha aliiweka polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Ni ba nani, Mama?"

"Ni bantu ya zamani." Akafunga mlango, akashusha sauti. "Baba yako asiione. Unasikia? Uifiche fasi ulitosha, kulekule juu."

Nikaelewa nilivyoweza kuelewa. Watu wa zamani kwangu walikuwa watu wa Biblia na wafalme wa kitabu cha shule, watu waliokwisha kufa kabla ya mtu yeyote niliyemjua kuzaliwa. Baba nilidhani anaogopa wafu. Nilimhurumia kidogo, mwanamume mkubwa vile.

Mkasi uliingia baadaye. Mchezo ulikuwa umeanza kunichosha kwa sababu watu wangu hawakuweza kwenda popote. Nilitaka Bwana Anselme afike Kakanda, nilitaka Madame Florida apelekwe Lubumbashi kwa daktari, lakini kila mmoja alikuwa amebeba ukuta wake mgongoni. Ukuta mweupe, ule ule, dirisha lenye vyuma vilivyokunjwa kama maua, ngazi mbili za saruji, ndoo ya maua kando ya mlango. Niliuchukia ukuta ule. Basi nikachukua mkasi wa Mama wa kushonea na kuwakata mmoja mmoja, kwa uangalifu, nikifuata mabega na pindo za nguo, ulimi nje. Wakawa huru. Nikawatembeza dirishani, nikawavusha madimbwi, nikawapandisha treni ya maganda ya sabuni. Vipande vya ukuta nilivitia kwenye mbabula, jiko la Mama, kuwashia makaa. Viliungua vikijikunja, na harufu yake ikawa ile ile ya nyuma ya kibanda cha mpiga picha.

Mnaweza kuniuliza niliwezaje kutojua. Nimejiuliza zaidi yenu. Nyumba ya kwenye picha ilikuwa nyeupe na yetu ilikuwa ya kijani. Vyuma vya maua Baba alikuwa ameving'oa akaweka vilivyonyooka. Ndoo haikuwepo. Lakini ngazi zilikuwa mbili, na kila jioni nilizikalia nikichambua mchicha. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama nyuso tu, na aliyekuwa nyumbani kwake sikumwona.

Mwanamke mmoja alikuja Jumapili moja, baada ya misa, jua likiwa juu. Baba alikuwa amekaa barazani akishona kiatu, mimi nimekaa ngazini. Alisimama langoni bila kubisha. Alikuwa na vumbi la safari na kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Alitazama nyumba kutoka bati hadi chini, halafu kutoka chini hadi bati. Nilidhani anauza kitu, au ni wale wanaoomba wakitaja jina la Yesu.

"Baba Ngalula," akasema.

Nikageuka nyuma kutafuta anaitwa nani. Baba aliacha sindano ndani ya ngozi.

"Misenga," akasema. "Njo weye?"

"Njo minye, Baba. Ulizeeka."

Mama alitoka ndani, akamwona, akashika mdomo. Alileta kiti, akaleta maji kwenye kikombe kizuri. Yule mwanamke akanywa, akashukuru, akakaa na kutulia. Ndipo akaeleza, na alieleza bila kupandisha sauti. Alikuwa ameolewa, akarudi pande hizi na mumewe wakakaa Lubumbashi. Mama yake alikuwa amebaki Kasai, kule walikopelekwa na treni miaka ile watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku. Wiki moja kabla, habari ilikuwa imepita kwa foni, ile redio ya kuitania mbali: mama amefariki, wamemzika.

"Tunakaa kilio ku Lubumbashi," akasema. "Bantu banakuya, banauliza: sura yake iko wapi? Tuliweka kiti na kitambaa mweupe. Juu ya kiti, hakuna kintu. Baba Ngalula, mama yangu analiliwa sawa muntu hakukuwaka hata siku moja."

Ninyi mnajua maana yake. Kwetu picha ya marehemu huwekwa mbele ya waombolezaji, na kila anayeingia humwendea kwanza yeye, humwambia pole au humlalamikia kwa kuondoka. Mtu asiye na sura kilioni hana wa kuambiwa. Watu hulia pembeni, kila mmoja na mtu wake wa kichwani.

Baba alikuwa amerudia kushona. "Pole sana," akasema. "Alikuwa mama ya muzuri."

"Sikukuya juu ya nyumba," akasema Misenga. "Baba, unisikie vizuri. Nyumba, Mungu anajua. Nakuya juu ya picha tu. Mama aliacha kopo ku plafon. Alisemaka mu train banaiba, ibakie, tutaikuta siku tunarudia."

Hapo ndipo dunia yangu ilipoanza kusogea, lakini polepole, kama mzigo mzito unavyosogezwa. Nyumba gani? Wangerudi wapi? Nilimtazama Mama, naye akatazama ardhi.

"Picha hakuna," akasema Baba. "Siku muliingia mu train, bavijana bakakuya, bakabeba bintu byote. Sisi tulitoka kule nyuma tukakuta nyumba mutupu."

Kule nyuma. Nikakitazama kijumba cha makaa na magunia. Nyumba kubwa ilikuwa ya kina Misenga, na wapangaji wao mle walikuwa baba yangu na mama yangu, na mimi nimo mgongoni. Hayo niliyapata yote kwa neno moja, na nakumbuka nilichokihisi: aibu, aibu ya moto masikioni, kama ile ya kukutwa umevaa nguo ya mwenzio.

Misenga hakubishana. Alinigeukia. "Na huyu?"

"Ni mutoto yetu. Béatrice."

"Béatrice?" Akatabasamu kwa mara ya kwanza, nami nikaona mwanya. "Hapana. Huyu njo Ngalula. Njo majina ya mama."

Jina hilo nilikuwa nimeliona mara moja tu, kwenye kadi yangu ya ubatizo, na nilipouliza niliambiwa ni kosa la padri. Misenga alisimama, akashuka ngazi, akapiga magoti mbele yangu chini kwenye vumbi, mtu mzima na nguo yake ya msiba. Akanishika mikono miwili na kuniamkia kwa Kiluba cha Kasai, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

"Moyo, mamu."

Nilimtazama Mama anisaidie. "Mama yake njo alikushika wa kwanza," akasema Mama. "Mule mu chumba yako, siku nilikuzaa. Niliumwa, hakukuwa muntu mwingine. Tukakupa jina yake."

Aliyepewa jina la mtu ni mtu huyo. Hilo hata mtoto wa Likasi anayecheza matopeni analijua. Mwenye jina la babu, baba yake mzazi humwita baba. Basi mwanamke yule alikuwa mbele yangu kama binti mbele ya mama aliyemfia, na hakuwa anaigiza. Machozi yalimtoka akiwa ananitazama mimi, mwenye magoti yenye magamba.

"Mama," akaniambia, "kama unajua fasi sura yako iko, unipe. Bantu bakulilie muzuri."

Nilimtazama Baba. Jicho lake lilisema hapana, wala halikuwa na hasira. Lilikuwa na hofu, na hofu ya baba yangu sikuwa nimewahi kuiona. Miaka ile karatasi za nyumba zilikuwa za kubahatisha. Yetu ilikuwa neno la Baba na rangi ya kijani, basi. Familia iliyosimama kwenye ngazi zile zile, mbele ya dirisha lile lile, ingekuwa karatasi tosha mbele ya mkuu wa mtaa. Mama na Baba wangerudi kwenye chumba cha makaa, au nje kabisa. Hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba nimeitwa mama, na kwamba mama akiombwa na mwanawe hawezi kusema uongo. Nikapiga moyo konde, nikaingia ndani, nikapanda kitandani, nikarudi na kopo.

"Lete hapa," akasema Baba kabla sijamfikia mgeni.

Aliliweka mapajani, akawapa wote mgongo, akafungua. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake nikaona kila kitu. Alimtoa Bwana Anselme na baiskeli yake. Akamgeuza nyuma, akamgeuza mbele, akapitisha kidole gumba pembeni, pale mkasi ulipopita. Akatoa wasichana. Akatoa mwingine, na mwingine. Mikono yake ilianza haraka, ikapunguza mwendo. Mwisho akaniuliza, kwa sauti ya chini mno:

"Bipande ingine biko wapi?"

"Nilichoma, Baba. Mu mbabula."

"Byote?"

"Byote."

Mabega yake yakashuka. Akavuta pumzi ndefu, akageuka na kunyoosha kopo kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama mtu anayetoa zawadi.

"Chukua, Misenga. Chukua yote, ni famille yako. Kumbe mutoto njo alichunga."

Misenga alitandika kitambaa barazani na kuwalaza juu yake mmoja mmoja, akiwaita. Mwenye baiskeli alikuwa mjomba, Tshibangu, fundi seremala. Kiti alichokalia mama yake alikitengeneza yeye. Wasichana watatu walikuwa yeye na dada zake, hakuna yatima, hakuna kipofu. Mama Ngalula alikuwa na watoto saba. Nilipomwambia nilikuwa nimemwita Madame Florida na kumnyima watoto, alicheka huku akilia, akanipiga begani. "Saba! Na bengine ba kulea!"

Kisha alichukua picha moja ya mama yake akaisogeza karibu na macho. Begani mwa mama kulikuwa na mkono mdogo, umeishia kwenye kifundo. Nilikuwa nimeuacha kwa sababu kuukata kungeharibu bega, na mwenye mkono nilikuwa nimemwondoa kivyake.

"Huu mukono ni yangu," akasema.

Aligeuza picha, akatazama kingo zake, akatazama ngazi alizokalia, akatazama dirisha. "Tulikuwa hapa. Hapa hapa. Barza iko wapi?"

Nilitaka kumweleza kwamba ukuta ulikuwa unawazuia kutembea, nikaishia kumwonyesha kwa vidole viwili mkasi ulivyopita. Halafu akasema, "Batoto," bila ukali, akawakusanya watu wake, akawarudisha koponi na kulifunga kwa kitenge kilekile. Alitaka kuwahi gari la Lubumbashi. Aliniaga kwa magoti, akamkumbatia Mama muda mrefu, akampa Baba mkono. Akatoka bila kutazama nyuma, na sasa mama yake hakuwa na mahali popote aliposimama, ila hewani.

Nilimtoa mimi nyumbani kwake. Wengine walimtoa mara ya kwanza kwa treni, mimi nikamtoa mara ya pili kwa mkasi wa Mama, ulimi nje, kwa mapenzi. Hilo nimelijua nikiwa mtu mzima, na tangu nilipolijua halijanipa raha. Baba alikuwa hai bado nilipolijua. Sikumuuliza neno, kwa sababu shule yangu yote niliisomea chini ya bati lile.

Siku yenyewe sikujua hili wala lile. Lango lilipofungwa Mama aliingia ndani, nikamsikia akilia. Baba akaniita. Nilijua nitachapwa, kwa kuwa nilikuwa nimepita juu ya neno lake mbele ya mgeni. Nikasogea. Akaniwekea mkono kichwani, mzito, wenye harufu ya ngozi ya kiatu, akauacha pale.

"Huyu mutoto iko na akili," akamwambia Mama kupitia mlangoni. "Alitusaidia sana."

Mama akafunga mlango. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Sikumbuki akinisifu kabla ya hapo, wala baada ya hapo. Nilidhani ananisifu kwa kumpa yule mwanamke sura ya mama yake. Nilikula vizuri, nikamwimbia wimbo wa shule hadi mwisho, naye akanisikiliza. Na kwa miaka mingi, mtu akiniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, nilimsimulia siku ile.